Dada, Kwangu Mbona Haijafika?

Ilikuwa siku ya 22 ya arobaini yake. Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani kwenye chumba cha uani, nyumbani kwa mama, Ngamiani, Tanga, mkaja umembana tumbo, bakuli la uji wa pilipili manga limepoa mbele yake. Mtoto nilikuwa nimempakata mimi. Alikuwa ametoka kunyonya na usingizi umemchukua, midomo bado inachezacheza.

"Dada," akasema, macho yakiwa ukutani. "Ile homoni uliyoniambia. Kwangu mbona haijafika?"

Sikumwelewa papo hapo. Ikabidi nirudi kichwani mpaka siku aliyoshuka kwenye basi la Dar, tumbo limemtangulia, amekuja kujifungulia kwa mama kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza. Jioni ile alikuwa na hofu, nami nikamtuliza kwa maneno ninayowaambia wanafunzi wangu kila mwaka tukifika mada ya homoni: usiogope, mwili una homoni yake ya upendo, jina lake oksitosini. Ukijifungua inamwagika, ukinyonyesha inazidi, na mapenzi ya mtoto yanaingia yenyewe bila kubisha hodi. Nilisema kwa uhakika wote. Nyumbani kwetu mimi ndiye mwalimu wa bayolojia. Nikisema jambo la mwili, hakuna anayenihoji.

"Namnyonyesha," akaendelea. "Akilia tu nampa. Namwogesha, nambadilisha nepi, namlaza. Lakini nikimtazama, dada, namwona mtoto wa watu. Kama nimeachiwa nimshikie mtu, mwenyewe akirudi atamchukua."

Nikamjibu, "Itakuja tu, mdogo wangu."

Jibu hilo ndilo lililonikosesha raha wiki nne zilizofuata.

## Alikuwa ameshachomwa

Kilichoanza kunisumbua ni kwamba oksitosini alikuwa ameshaipata, tena kwa sindano.

Alinisimulia mwenyewe. Mtoto alipotoka tu, nesi alimchoma pajani. Ni sindano ya kumkinga mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua: uniti 10 za oksitosini, kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Vichupa vyake hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, maana joto kama hili letu la pwani huiharibu.

Kikemia, iliyomo kichupani na inayotengenezwa na ubongo ni kitu kimoja. Ni kamba fupi ya asidi amino 9, vile vipande vinavyojenga protini. Mwaka 1906 Henry Dale, Mwingereza, aliona kuwa majimaji ya tezi ya pituitari hulifanya tumbo la uzazi la paka likaze. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud, kule Marekani, akabainisha asidi amino hizo zimepangana vipi, kisha akaiunda mwenyewe maabara. Mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Jina lenyewe limetokana na Kigiriki, na maana yake ni uzazi wa haraka. Upendo haumo humo.

Basi kama hii ndiyo homoni ya upendo, na mdogo wangu amechomwa uniti 10 za hiyo hiyo, swali lake lilistahili jibu kubwa kuliko lile nililompa.

Tumbo la uzazi liliisikia sindano mara moja. Lilikaza, damu ikapungua. Liliisikia kwa sababu katika siku za mwisho za mimba kuta zake huwa zimeongeza vipokezi vya oksitosini mara nyingi sana. Kipokezi ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli ikisubiri molekuli yake, na ikishikana nayo, ndani ya seli mambo huanza kubadilika. Mwanamke huyo huyo angechomwa dawa hiyo hiyo mimba ikiwa changa, tumbo lingejibu kivivu. Dawa ingekuwa ile ile. Masikio ndiyo yangekuwa machache.

Na ubongo? Ubongo haukusikia karibu lolote. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na molekuli za aina hii hupenya kwa shida mno. Ubongo una oksitosini yake, inayotengenezwa katika haipothalamasi, kwenye mafungu mawili ya seli za neva. Nyingine hupelekwa kwenye pituitari na kumwagwa kwenye damu, iende kwenye tumbo la uzazi na matiti. Nyingine hubaki humo humo kichwani, na huko ndiko yaliko mambo ya mapenzi, hofu na utulivu.

Miaka yote nimefundisha sauti. Masikio sijayafundisha hata siku moja.

## Alfajiri mtaani kwetu

Nilipata kulielewa hili vizuri alfajiri moja, nikiwa macho kabla ya adhana.

Adhana ilipotoka, ilitoka kwenye spika moja na kuenea mtaa mzima. Baba mwenye nyumba ya pili akafungua bomba, anatia udhu. Mama wa vitumbua akaanza kupepea jiko lake, maana kwake adhana hiyo ni saa. Mwenye baiskeli ya mikate akaitoa uani, nikasikia mnyororo ukilia. Mtoto wa mdogo wangu akajigeuza akaendelea kulala. Sauti ni moja. Kitakachotokea baada yake kinategemea imemfikia nani.

Nyuropeptidi, yaani kamba fupi za asidi amino ambazo seli za neva hutumia kupeana habari, ziko hivyo. Zinazojulikana zinapita 100, na oksitosini ni moja tu kati yake. Mojawapo ya zilizotambuliwa mapema ni sabstansi P, mwaka 1931, Ulf von Euler na John Gaddum walipoitoa kwenye ubongo na utumbo wa farasi. Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 1973, pale ilipothibitika kuwa ubongo una vipokezi vinavyoshika mofini, dawa itokanayo na utomvu wa mpopi. Watu wakajiuliza: kwa nini ubongo uwe na sikio la kusikia utomvu wa mmea? Lazima kuna kitu cha ndani kinachosikika kwa sikio hilo. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, katika mji wa Aberdeen, Uskoti, wakakipata kwenye bongo za nguruwe. Zilikuwa peptidi mbili, kila moja ya asidi amino 5 tu. Wakaziita enkefalini.

Sikio lilijulikana kabla ya sauti.

Na masikio hayo yana ramani. Njia ya zamani ya kuichora ni hii: unachukua ubongo wa mnyama ulioganda, unaukata vipande vyembamba kuliko unywele, unavilowesha kwenye peptidi iliyofungwa chembe ya mnururisho, unaosha kile ambacho hakikushika, halafu unavilaza juu ya filamu gizani kwa siku kadhaa. Filamu ikisafishwa, mahali penye vipokezi vingi panatokea peusi. Nilizitazama picha hizo kwenye simu usiku, chini ya neti. Sura ya ubongo inaonekana kwa mbali kama kivuli, kisha ghafla doa jeusi tii mahali pamoja, na pembeni yake, hatua isiyofika milimita moja, weupe mtupu.

Sikujua kama kitu kiitwacho upendo kinaweza kuwa na mipaka mikali namna ile.

## Panya wa aina mbili

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko pengine pote.

Marekani kuna panya wadogo waitwao voli. Voli wa nyika huishi wawili wawili, dume na jike, kiota kimoja, na wote wawili hulea. Voli wa milimani, ndugu zao wa karibu, kila mmoja huishi kivyake. Dume hupita na kwenda zake, na jike huwaacha watoto mapema. Mwaka 1992 Thomas Insel na Lawrence Shapiro walilinganisha bongo zao. Vipokezi vya oksitosini vilikuwa vimetandazwa kwa namna mbili tofauti kabisa. Voli wa nyika alikuwa navyo kwa wingi katika nyukliasi akambensi, sehemu ya ubongo inayohusika na kutamani na kuridhika. Kwa yule wa milimani, sehemu hiyo ilikuwa karibu tupu, na vipokezi vyake vilijaa kwingineko.

Homoni ni ile ile kwa wote wawili. Masikio yako vyumba tofauti.

Vasopresini, pacha wa oksitosini anayetofautiana naye kwa asidi amino 2 tu, ilitoa kisa kikubwa zaidi. Mwaka 2004 watafiti walimchukua voli wa aina ya tatu, ambaye dume lake halina jike moja, wakampandikizia kipokezi cha vasopresini mahali pamoja mbele ya ubongo kwa kutumia kirusi kilichofugwa maabara. Dume likaanza kukaa ubavuni mwa jike lake.

Niliposoma hayo usiku ule, nilidhani nimelipata jibu la mdogo wangu, na lilikuwa jibu baya. Nilianza kuwaza kwamba labda kichwani mwake vipokezi vimekaa kusiko. Labda yeye ni voli wa milimani. Niliona nafuu, maana kosa halikuwa langu tena, wala la homoni. Lilikuwa la ramani yake.

Nikazima simu. Nilimwona kichwani mwangu akiwa amekaa pale na uji wake uliopoa, nami namletea habari kwamba ameumbwa hivyo. Maneno gani hayo ya kumwambia mzazi?

Kesho yake nikairudia ile ya 1992, safari hii polepole, nikakuta jambo nililolipita. Voli wa milimani naye huwalea watoto wake kwa muda mfupi baada ya kuzaa. Na katika muda huo, ndani ya saa 24 tangu azae, ramani ya vipokezi vyake hubadilika. Vipokezi vinaongezeka mahali ambapo jana yake vilikuwa haba.

Ramani inahama.

## Moshi wa udi

Wiki ya pili nilikumbana na jambo lililonichanganya zaidi, na bado linanichanganya kidogo.

Ungetegemea kuwa palipo na nyuzi za neva zinazotoa peptidi fulani, hapo hapo pawe na vipokezi vyake. Sivyo ilivyo. Miles Herkenham, mtafiti wa ubongo, aliandika mwaka 1987 juu ya kutolingana huku: sehemu nyingi za ubongo zina vipokezi tele na peptidi haionekani jirani, na nyingine zina peptidi tele na vipokezi haba. Kwa mtu aliyezoea kufundisha neva kama waya wa umeme, huku swichi, kule taa, hili ni pigo.

Mama ndiye aliyenisaidia bila kujua. Jioni alikuja na chetezo, akafukiza udi chumba cha mzazi, kisha akakiweka chetezo ukumbini na kurudi jikoni. Sikumwona akiingia vyumba vingine. Baada ya dakika chache harufu ilikuwa mpaka kwenye mashuka ya chumba cha mwisho.

Peptidi nyingi husafiri hivyo. Haziishii kwenye kiungo kimoja kati ya seli mbili. Hutolewa kutoka kwenye vifuko vikubwa, na seli za oksitosini zinaweza kuitoa hata kupitia mwili na matawi yao mafupi, ikatandaa kwenye majimaji ya ubongo taratibu, mpaka vimeng'enya viikate. Hairudishwi kwenye seli iliyoitoa kama vinavyorudishwa vijumbe vingine. Ikishatoka imetoka. Inafika inakofika kwa kuchelewa, na anayeisikia ni mwenye sikio.

Ndiyo maana kuhesabu peke yake hakutoshi. Ukipima oksitosini kwenye damu ya mtu, umepima moshi wa jikoni, na hujui chumba cha mwisho kinanuka nini.

Na kwa binadamu giza ni kubwa zaidi. Kwa panya, vipokezi vingi vya oksitosini viko kwenye njia za harufu, maana panya humjua mwanawe kwa pua. Kwa nyani na ndugu zake, wataalamu wameviona zaidi kwenye njia za macho na za kuelekeza umakini. Hata hivyo zile alama za mnururisho zilizochora ramani safi za voli zilileta tabu kwa jamii ya nyani, kwa kuwa hunata pia kwenye vipokezi vya vasopresini, na madoa mawili yakawa doa moja. Imebidi kuanza upya, kwa uangalifu. Mimi nilikuwa natamka darasani kama mtu aliyeiona ramani nzima.

## Panya waliozaliwa bila

Kisha nikafika mahali pa kuvunjika.

Mwaka 1996 walipatikana panya wa maabara wasio na jini ya oksitosini kabisa. Hawana tone. Kwa niliyoyafundisha mimi, hao wangeshindwa kuzaa, na wakizaa wangewatupa watoto wao. Walizaa salama. Walikusanya watoto wao, wakawalamba, wakawafunika kwa miili yao. Kilichoshindikana ni kimoja: maziwa hayakutoka. Watoto walikufa na njaa kifuani mwa mama anayewalea. Mama alipochomwa oksitosini, maziwa yakatoka na watoto wakaishi.

Niliiweka simu chini nikakaa kimya.

Yaani jambo ambalo pale halikupata mbadala wa oksitosini lilikuwa maziwa. Ulezi ulikuwepo bila yake.

Baadaye, mwaka 2023, wataalamu wakawafuata wale wale voli wa nyika, mashujaa wa hadithi ya homoni ya upendo, wakawaondolea jini ya kipokezi cha oksitosini tangu wakiwa kiinitete. Voli hao walikua, wakachagua wenza, wakakaa ubavuni mwao kama kawaida. Baadhi ya majike walinyonyesha watoto mpaka wakaachishwa, ingawa kwa udhaifu kuliko wenzao.

Lakini miaka ya 1990 ilishaonyeshwa kwamba ukimpa jike mzima wa voli dawa ya kuziba vipokezi hivyo hivyo ubongoni, hamchagui mwenza. Mambo haya mawili yote ni kweli. Aliyekosa tangu mwanzo amejijenga kwa njia nyingine. Aliyezibwa ukubwani njia yake imekatwa katikati. Oksitosini ina kazi, tena kubwa. Ila mapenzi hayakujengwa juu ya nguzo moja hata ikitikisika nyumba ianguke.

Nilijaribu kumwandikia mdogo wangu ujumbe usiku huo. Niliandika, nikafuta. Niliandika tena, nikafuta. Sikutaka kumpa hadithi nyingine yenye uhakika kama ile ya kwanza.

## Panya asiyezaa

Utafiti ulionigeuza ni wa zamani kuliko mimi. Mwaka 1967 Jay Rosenblatt aliwachukua panya majike ambao hawajawahi kushika mimba, akawawekea vitoto vya panya wengine ndani ya vizimba vyao.

Siku ya kwanza walivikimbia. Panya bikira hukiogopa kitoto, na pengine hukidhuru. Rosenblatt akaendelea kuwawekea vitoto vipya kila siku.

Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu.

Kadiri ya wiki moja ilipokatika, panya wale wakaanza kuvilamba vitoto, kuvikusanya, kuviinamia kama vinavyoinamiwa na mama. Hawakuwa na mimba, hawakuwa na uchungu wa kuzaa, hawakuwa na maziwa. Hata madume walifika huko. Panya aliyezaa huanza papo hapo, kwa sababu homoni za mimba zimemwandaa. Hilo nalisema wazi, njia ya mkato ipo na ni ya kweli. Ila njia ndefu nayo ipo, na katika njia hiyo mlezi huanza kwa kukaa na mtoto tu, akimsikia na kumnusa siku baada ya siku.

Mdogo wangu alikuwa ameniambia: namnyonyesha, namwogesha, nambadilisha.

Mimi nilisikia ukosefu. Kumbe alikuwa ananieleza njia anayopita.

Kuna utafiti mwingine wa 2015, wa New York, unaokwenda na huu. Kitoto cha panya kikianguka nje ya kiota hulia kwa sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu haliisikii. Mama hukifuata na kukirudisha. Jike asiyezaa husikia na kupuuza. Watafiti hao walipeleka oksitosini kwenye ubongo wake, upande wa kushoto, sehemu inayosikia sauti, na jike yule akajifunza haraka kuvifuata vitoto. Seli zake zikaanza kuitikia kilio ambacho zamani kilikuwa kelele. Na walipohesabu vipokezi, upande wa kushoto ulikuwa navyo vingi kuliko wa kulia. Hapo oksitosini haikumtia panya upendo. Iliusaidia ubongo wake kujifunza kilio cha nani ni cha kufuatwa.

## Uchungu

Kiswahili kina neno uchungu. Mama anayejifungua anashikwa na uchungu. Anayemjali mwanawe kupita kiasi ana uchungu naye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema, na kwenye methali hiyo maana zote mbili zimefumbatana.

Nilipoona molekuli moja inakaza tumbo la uzazi na pia inagusa ulezi kichwani, nilitamani kuandika kwamba wahenga walijua. Nimeamua kutoandika hivyo. Wahenga hawakuijua oksitosini. Na methali hiyo, kwa jinsi tunavyoitumia, imewaumiza wengine: imewafanya waamini kwamba ukishikwa na uchungu wa kwanza, wa pili unafuata siku hiyo hiyo, na usipofuata wewe si mzazi kamili. Nilichomwambia mdogo wangu jioni ile ya basi kilikuwa methali hii hii, nimeivisha koti la maabara.

## Jikoni kwa mama

Nilirudi kwake arobaini ikiwa imeshatoka. Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Pangani, amekaa kwenye mkeka anamkanda mtoto miguu kwa mafuta ya nazi. Mama alikuwa pale mlangoni juu ya mbuzi, anakuna nazi.

Nikamwambia mdogo wangu mbele yao wote, kwa sababu nilimdanganya mbele yao wote. Nikasema: ile habari ya homoni niliyokupa haikuwa sahihi. Ipo, inafanya kazi, lakini haiji kama basi, kwamba ukilikosa umelikosa. Inasikika mahali mbalimbali, na masikio yenyewe yanaongezeka na kuhama. Na kuna njia nyingine zisizoihitaji. Nikamweleza panya wa Rosenblatt.

Alilia. Alilia muda mrefu, bila sauti, mikono imelala mapajani.

Halafu akasema mambo ambayo hakuwa ameyasema. Kwamba hata mtoto akilala yeye halali. Kwamba chakula hakipiti. Kwamba asubuhi nyingine anatamani kusingekucha. Hapo nilielewa kwamba panya wangu wote hawatoshi, na kesho yake tukaenda kliniki pamoja. Nesi aliyetupokea alifunga mlango akamuuliza maswali kwa upole, moja moja, akampangia siku za kurudi kuzungumza. Shirika la Afya Duniani linasema matatizo ya afya ya akili, hasa sonona, huwapata wanawake 13 kati ya 100 waliojifungua karibuni, na katika nchi zinazoendelea karibu 20. Katika kila akina mama 5 waliokaa kwenye benchi lile la kliniki, nilikuwa nawaza, nani mwingine ameambiwa itakuja tu?

Lakini nataka kurudi jikoni, kwenye ile siku ya kulia, kwa sababu ya bibi.

Bibi hakuacha kumkanda mtoto. Alisema, kana kwamba anazungumza na ile miguu midogo, "Mimi mama yenu nilimpenda siku alipougua surua."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

"Kabla ya hapo nilikuwa namlea," akasema bibi. "Nilimlea vizuri. Alipougua nikakaa naye usiku tatu, ndipo nikajua kuwa huyu akiondoka nami naondoka. Alikuwa ana miezi saba."

Hakuna aliyesema neno. Mama alibaki ameshika kifuu, ana miaka hamsini na kitu, anamtazama mama yake. Kisha akaendelea kukuna, polepole.

## Ijumaa iliyopita

Nilipita nyumbani jioni nikitokea shuleni. Nyumba ya mama ina vyumba sita na wapangaji, na mpangaji wa mbele naye ana mtoto mchanga, wamepishana wiki tatu na wa kwetu.

Mdogo wangu alikuwa uani anaanua nguo. Ana uso wa mtu aliyelala. Kliniki bado anakwenda, na siku mbaya bado zipo. Juzi alikuwa na moja.

"Dada, leo alfajiri mtoto amelia," akaniambia, anakunja nepi. "Nilikuwa usingizini kabisa. Nikajua si wangu, ni wa chumba cha mbele. Nikajua kabla sijafumbua macho."

"Ukafanya nini?"

"Nikalala. Wa kwangu alikuwa hapa." Akagusa ubavu wake wa kushoto.